Megapikseli 64 zilishindwa na nukta moja ya babu

Leo naanza kwa kukiri kosa, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifunza haya nitakayoyaeleza.

Babu yetu mzaa mama alituachia shamba la minazi kaskazini mwa Mombasa, na pamoja na shamba akaacha waraka wa mauziano yake. Ni karatasi moja ndefu, imeandikwa kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandikiana wazee wetu. Juu mna maneno makubwa ya kufungulia, katikati mna mipaka minne ya shamba, na chini mna majina ya mashahidi kwa mwandiko mdogo sana. Waraka huo ulikaa ndani ya kasha la bibi miaka na mikaka.

Siku moja jioni, baada ya hitima, jamaa tulikuwa tumekusanyika nyumbani. Nikasema, jamani, tuupige picha waraka huu usije ukapotea. Nikatoa simu yangu, ile ambayo mgongoni imeandikwa 64MP. Chumbani mlikuwa na taa moja, tena hafifu. Waraka ulitandazwa juu ya mkeka, nami nikasimama wima, nikapiga picha moja tu. Nikaitazama kwenye kioo cha simu, naona safi. Tukaukunja waraka ukarudi kashani, na kila mtu akaridhika.

Masika iliyofuata paa likavuja juu ya kasha. Tulipofungua, wino ulikuwa umetapakaa na kipande cha karatasi kimeoza, hasa pale penye mipaka. Tukajipa moyo kwamba picha ipo. Haukupita muda, akatokea mtu akidai kwamba mpaka wetu wa kaskazini si pale tunaposema. Sasa ikawa lazima tujue jina la jirani aliyeandikwa kwenye waraka upande ule. Nikaifungua picha, nikaikuza kwa vidole. Maneno makubwa yakasomeka. Jina la jirani likakataa.

Mwenye kusoma herufi za Kiarabu atanielewa mara moja. Jina Habib na jina Khubaib, ukiyaandika bila irabu, hutofautiana kwa nukta moja tu juu ya herufi ya kwanza. Kwenye picha yangu, pale ambapo nukta hiyo ingekuwa au isingekuwa, palikuwa na kijivu. Ukikuza zaidi, kijivu kinakuwa vigae vigae. Mashamba ya watu wawili tofauti yakawa yanategemea kidoa ambacho simu yangu haikukiona.

Mpwa wangu, kijana mjuzi wa simu, akaniambia: "Mjomba, ungekuwa na simu ya megapikseli 200 tusingefika hapa." Nilinyamaza. Nilisomea stashahada ya elektroniki zaidi ya miaka 20 iliyopita, na nilijua jibu lake lina kasoro, ila sikuweza kumweleza papo hapo ni ipi. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa, nimeuliza na nimejaribu kwa mikono yangu. Jibu langu kwa mpwa wangu, na kwa yeyote anayetaka kununua simu au kamera kwa kuhesabu megapikseli, ndilo hili.

Megapikseli ni hesabu ya vyombo

Nyuma ya lenzi ya kila kamera mna kibamba cha silikoni kinachopokea mwanga. Tukiite kihisi. Kihisi kimegawanywa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba ndicho pikseli. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja. Kihisi chenye safu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 kina pikseli milioni 12, basi huitwa cha megapikseli 12.

Hapo pana mtego wa kwanza. Mtu husikia 48 akadhani ni mara nne ya 12, kwa hiyo ataona vitu vidogo mara nne zaidi. Sivyo. Ili kupata megapikseli 48 unahitaji pikseli 8,000 kwa 6,000. Urefu umeongezeka mara mbili, na upana mara mbili. Kwa mstari ulionyooka, umepata ubora mara mbili tu, na hiyo ni iwapo kila kitu kingine kiko sawa.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: hesabu ya pikseli haikwambii kihisi chenyewe kina ukubwa gani. Vihisi vingi vya simu vya megapikseli 64 vina pikseli zenye upana wa mikroni 0.8, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukizidisha, kihisi kizima kinatoka na upana wa kama milimita 7.4 kwa 5.5, yaani milimita za mraba 41 hivi. Ni kidogo kuliko kucha ya kidole chako cha mwisho.

Rafiki yangu mmoja mpigapicha wa harusi bado anayo Nikon D90, kamera iliyotoka mwaka 2008, yenye megapikseli 12.3 tu. Vijana humcheka. Lakini kihisi chake ni milimita 23.6 kwa 15.8, yaani milimita za mraba 373. Ni mara tisa ya kile cha simu yangu. Na kwa kuwa kimegawanywa vyumba vichache, kila chumba ni kipana: mikroni 5.5. Ukipima eneo, pikseli moja ya kamera ile kuukuu ni sawa na pikseli 47 za simu yangu.

Mvua ya mwanga

Kwa nini upana wa chumba uwe na maana? Wakumbuke bibi zetu wakikinga maji ya mvua. Ukiweka beseni uwanjani na kikombe pembeni yake, mvua ikawa ya rasharasha, beseni litapata maji ya kutosha kukupa habari ya mvua ile. Kikombe kitapata matone manne. Kingine kando yake kitapata saba. Cha tatu mawili. Anayetazama vikombe atadhani mvua ilinyesha zaidi hapa na kidogo pale, kumbe ni bahati ya matone.

Mwanga nao ni hivyo. Hauji kama maji ya mfereji, huja kwa chembe moja moja, na chembe hizo hazina mpangilio. Ikiwa pikseli inatarajiwa kupokea chembe 100, leo itapata 93, kesho 108. Hesabu huyumba kwa kiasi cha 10, nayo ni asilimia 10. Pikseli yenye eneo mara 47, chini ya mwanga uleule na kwa muda uleule, itapata chembe 4,700, na kuyumba kwake ni kama 69 tu, yaani asilimia moja na nusu. Kanuni ni kwamba kuyumba ni kipeuo cha pili cha hesabu ya chembe. Hakuna kiwanda kinachoweza kuibatilisha.

Kuyumba huko ndiko tunakokuona kama chenga kwenye picha za usiku. Na sasa fikiria nukta ya babu. Ni kidoa cha wino chenye upana wa nusu milimita, juu ya karatasi iliyopiga manjano, katika chumba chenye taa moja. Tofauti ya mwanga kati ya wino uliochuja na karatasi iliyozeeka si kubwa. Chenga zikiwa kubwa kama tofauti hiyo, pikseli haziwezi kujua lipi ni doa la wino na lipi ni bahati mbaya ya mwanga.

Wenye simu wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana simu nyingi za megapikseli 64 huunganisha pikseli nne nne zikawa moja, na picha unayopewa kwa kawaida ni ya megapikseli 16. Zile za megapikseli 200 huenda mbali zaidi: mwanga ukiwa mdogo huunganisha pikseli 16 kuwa moja, na kinachotoka ni megapikseli 12.5. Basi mpwa wangu, katika chumba kile chenye taa moja, simu yako ya 200 ingenipa picha yenye pikseli chache kuliko hii yangu ya 64.

Kuna na programu ndani ya simu ambayo kazi yake ni kusafisha chenga. Huzisafisha kwa kulainisha: pikseli moja ikionekana tofauti na jirani zake, hufananishwa nao. Usoni pa bibi harusi hiyo ni neema. Kwenye waraka ni msiba, kwa sababu nukta ya herufi ni kitu kidogo kilicho tofauti na jirani zake. Inafutwa pamoja na chenga.

Halafu kuna rangi. Pikseli yenyewe haioni rangi, huhesabu mwanga tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza ya kuweka juu ya kila pikseli kichujio cha rangi moja: nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu, robo buluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukisiwa kutoka kwa majirani. Kamera karibu zote hufanya hivi mpaka leo. Kwa hiyo hata kabla ya chenga, sehemu ya kila picha ya rangi ni makisio mazuri.

Mawimbi kwenye mlango wa mwamba

Tuseme sasa tumepiga picha mchana, jua linawaka, chenga hamna. Je, megapikseli zote 64 zitafanya kazi? Hapa anaingia lenzi, naye ana mpaka wake.

Sisi watu wa pwani tuna bahati, mpaka huu tunauona kila siku. Simama ufuoni maji yakiwa yanajaa, utazame pale mwamba ulipoachana ukafanya mlango. Wimbi huja kutoka bahari kuu limenyooka kama ukuta. Likishapita kwenye mlango ule mwembamba, haliendelei kunyooka. Hufunguka kama kipepeo cha makuti, likasambaa pande zote. Mlango ukiwa mwembamba zaidi, wimbi husambaa zaidi.

Mwanga ni wimbi, na tundu la lenzi ni mlango. Wanafizikia huliita jambo hili difraksheni. Kwa sababu yake, hata lenzi iliyosagwa bila kasoro yoyote haiwezi kuichora ncha ya sindano kama ncha ya sindano. Huichora kama kiduara cha mwanga chenye kingo hafifu. Mwaka 1835 Mwingereza George Biddell Airy alieleza hesabu ya kiduara hicho, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Upana wake ni takriban 2.44 mara urefu wa wimbi la mwanga mara namba ya tundu, ile namba inayoandikwa f/1.8 au f/8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana.

Tuipige hesabu ya simu yangu. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa mikroni 0.55, na lenzi ya simu ni f/1.8. Kiduara kinatoka na upana wa mikroni 2.4. Pikseli zangu ni mikroni 0.8. Kwa hiyo ncha moja ya sindano tayari imelala juu ya pikseli tatu kwa upana. Ukizigawa pikseli zikawa ndogo zaidi, utakipima kiduara kilekile kwa vipande vingi zaidi, lakini kiduara hakitapungua. Faida haiishi ghafla. Hupungua hatua kwa hatua, huku kila pikseli mpya ikileta kidogo kuliko iliyotangulia. Tena hiyo ni lenzi kamilifu. Lenzi za simu ni vipande kadhaa vya plastiki vilivyopangwa katika nafasi ya milimita chache, na ukungu huanza pembeni mwa picha kabla ya kufika katikati.

Utasema, mbona kamera kubwa nazo zina difraksheni? Naam, zinayo. Kamera ya rafiki yangu ikiwa f/8, kiduara ni mikroni 10.7, yaani karibu pikseli zake mbili, hakuna hasara ya kutisha. Akibana tundu hadi f/22, kiduara kinafika mikroni 29.5, zaidi ya pikseli tano. Alinionyesha picha mbili za ukurasa mmoja wa gazeti, moja f/8 na nyingine f/22. Kamera ile ile, lenzi ile ile, megapikseli zile zile. Ya pili ilikuwa imelegea kama iliyofunikwa shashi.

Huenda wengine mmesoma habari za Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyeishi Misri miaka elfu moja iliyopita na kuandika Kitab al-Manazir. Yeye aliichunguza sura ya jua lililopatwa, ikipita kwenye tundu na kuangukia ukuta ndani ya chumba cha giza, akaeleza kwamba tundu likiwa pana umbo la mwezi mwandamo hupotea, likiwa dogo huonekana. Alikuwa sahihi kwa tundu tupu. Ila udogo nao una mwisho wake: ukilibana kupita kiasi, wimbi husambaa na sura hupotea tena.

Upana wa tundu lenyewe nao una habari ya kutueleza. Tundu la lenzi ya simu yangu ni kama milimita 3, sawa na punje ya mtama. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 28, pana kidogo kuliko sarafu yetu ya shilingi 20. Kwa tundu la milimita 3, vidoa viwili vilivyo mbali mita 100 vikiwa vimekaribiana chini ya sentimita 2 hivi, huungana vikawa kimoja. Lenzi kubwa ile huvitenganisha hata vikiwa na milimita 2 na nusu kati yao. Ndiyo maana ukipiga kwa simu jina la jahazi lililotia nanga ng'ambo ya mkondo, kisha ukakuza kwa vidole, unapata rangi bila herufi. Kukuza kwa vidole ni kukata picha na kuutandaza ule ukungu. Hakuongezi kitu.

Mfano wa juu kabisa uko angani. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha upana wa mita 2.4, lakini kioo kilikuwa kimesagwa vibaya pembeni kwa kiasi cha mikroni 2, sehemu ya hamsini ya unene wa unywele. Picha zikatoka na ukungu, na hakuna hesabu ya pikseli ambayo ingeziokoa. Desemba 1993 wanaanga walikwenda kuirekebisha, wakaweka na kamera mpya. Kamera hiyo ilikuwa na vihisi vinne vya pikseli 800 kwa 800. Jumlisha zote: megapikseli 2.56. Kwa hizo ndizo mwaka 1995 ilipigwa picha mashuhuri ya mawingu ya nyota yaitwayo Nguzo za Uumbaji. Subhanallah, megapikseli mbili na nusu, lakini nyuma ya kioo kipana kilichorekebishwa.

Kilichonishinda mimi

Sasa narudi kwenye mkeka wa jioni ile, nijihukumu kwa hesabu.

Picha yangu ilikuwa ya megapikseli 16, upana wake pikseli 4,600 hivi. Kwa kuwa nilisimama wima, waraka ulichukua theluthi moja tu ya picha. Zilizobaki ni mkeka na miguu ya watu. Theluthi ya 4,600 ni kama 1,500. Waraka una urefu wa sentimita 33. Gawanya, unapata pikseli nne na nusu kwa kila milimita. Nukta ya nusu milimita ilipewa pikseli mbili. Pikseli mbili, chumba cha giza, chenga, programu ya kulainisha, na mkono wangu uliotikisika kwa sababu simu ililazimika kuacha mlango wazi muda mrefu ikitafuta mwanga. Nukta isingeweza kupona.

Nilichukua barua nyingine ya zamani ya babu, nikajaribu na rafiki yangu. Tuliiweka barazani saa nne asubuhi, kivulini lakini penye mwanga mwingi. Tukaifunga D90 kwenye miguu mitatu, f/8, barua ikajaza picha ukingo kwa ukingo. Hapo kila milimita ilipata pikseli 13, na nukta ya nusu milimita ikapata sita au saba. Nukta zote zilihesabika. Kisha nikapiga kwa simu yangu ile ile, mahali pale pale, nikiwa nimeikaribia na kuiegemeza. Nikashangaa: nukta nazo zilisomeka. Zilikuwa hafifu kidogo pembeni, lakini zilisomeka. Wallahi hapo nilisikitika kuliko mwanzo. Simu niliyokuwa nayo mkononi siku ya hitima ingetosha, lau ningengoja asubuhi.

Jambo moja la kutahadharisha. Katika kuhangaika, binamu yangu aliipeleka picha mbovu kwenye saiba, na kijana akaipitisha kwenye programu ya kung'arisha picha. Ikarudi imenyooka, herufi kali, na juu ya herufi ya kwanza pana nukta nzuri ya duara. Jamaa wakashangilia. Mimi nikawaambia hiyo nukta haikuandikwa na babu. Programu hizo zimejifunza kutokana na picha nyingine nyingi jinsi vitu vinavyoonekana kwa kawaida, kisha hujaza pengo kwa kinachoelekea kufaa. Kwa picha ya sherehe hakuna dhambi. Kwa waraka wa mali ya watu, kuongeza nukta ambayo haikuwepo ni sawa na kutoa ushahidi wa jambo usilolishuhudia. Tuliifuta.

Wasia wangu

Ikiwa nyumbani kwenu mna waraka, hati, cheti cha ndoa au wasia ulioandikwa na mzee, usingoje masika. Uutoe mchana, penye mwanga mwingi lakini si kwenye jua kali. Ujaze picha kwa karatasi, usijaze mkeka. Ikiwa waraka ni mrefu, upige vipande vipande, kila kimoja kikimpa mwenzake nafasi ya kuungana. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole hushinda kasoro zote za kiwandani. Egemeza simu. Usitumie kukuza kwa vidole. Piga mara tatu au nne, kisha ukuze hapo hapo na uhakikishe unaisoma nukta ndogo kuliko zote kabla hujaukunja waraka. Unapowatumia jamaa, itume kama faili, kwa sababu programu za kutumiana ujumbe kwa kawaida huipunguza picha. Na saiba yenye skana safi itakufanyia vizuri kuliko simu yoyote, kama karatasi bado inavumilia kubanwa.

Kwa mpwa wangu anayetaka kuanza kupiga picha za harusi, nasema usikope kwa ajili ya namba iliyoandikwa mgongoni mwa simu. Uliza kihisi kina ukubwa gani na lenzi ina tundu gani. Kamera ya mkono wa pili yenye kihisi kikubwa na lenzi safi itakulisha ukumbini usiku kuliko simu mpya ya 200. Ila ishike dhidi ya dirisha uitazame ndani ya lenzi, kwani hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha kuvu kwenye vioo. Picha ya megapikseli 12 iliyopigwa vizuri, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, hufika sentimita 34 kwa 25. Ni kubwa kuliko ukurasa wa A4, na ni wateja wangapi watakaotaka zaidi ya hapo?

Kuhusu shamba, shauri lingali mbele ya wazee. Tuliupiga upya waraka ulioharibika kwa D90, na majina mawili ya mashahidi yaliyokuwa yamefifia yakaonekana, alhamdulillahi. Mmoja wao ana mjukuu aliye hai, naye ameahidi kuja kusema aliyoyasikia kwa babu yake. Lakini pale palipokuwa na jina la jirani wa kaskazini, karatasi imeliwa na maji. Hakuna kamera, ya sasa wala ijayo, itakayoirudisha nukta ile. Ilikuwepo jioni ya hitima, mbele ya macho yangu, nami nikakosa subira ya usiku mmoja.

Wabillahi tawfiq.